UZI: Viashiria vya mapema vya saratani ya kinywa kwa wavutaji: kipimo kipi kinajibu swali lipi?

Msoma_Tishu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila baada ya muda husambaa habari ya kipimo cha mate ambacho, kwa maelezo ya wanaoisambaza, hugundua saratani ya kinywa kwa mvutaji kabla hata haijaonekana, na kila inaposambaa wavutaji huuliza kipimo hicho kinapatikana wapi na kinaaminika kiasi gani. Kazi yangu ni kusoma vinyama vya kinywa, yaani vipande vidogo vya nyama vinavyokatwa ili vichunguzwe, chini ya hadubini, na nimeona ni vyema tulijadili jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu habari hizo huchanganya vipimo vya aina tatu ambavyo havijibu swali moja.

Vipo vipimo vinavyoonyesha kwamba moshi umeingia mwilini. Vipo vinavyoonyesha kwamba moshi huo umekwisha kuziumiza seli. Na vipo, tena vichache sana, vinavyoonyesha kwamba seli zilizoumia zimeshika njia ya kuelekea saratani. Mtu anaweza kuvuta sigara miaka arobaini, kipimo cha aina ya kwanza kikamsoma juu kila siku, na asiugue saratani ya kinywa hadi anaingia kaburini. Mwingine anaweza kuwa aliacha miaka kumi iliyopita, damu yake ikawa haina nikotini hata kidogo, ilhali pembeni mwa ulimi wake kuna kundi la seli ambalo limekwisha kupoteza jeni zinazozuia seli kugawanyika ovyo. Anayeuziwa kipimo anapaswa kuuliza kwanza ni cha aina ipi.

Aina ya kwanza nitaipitia haraka. Nikotini yenyewe hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo haifai sana kupimwa. Kinachopimwa ni kotinini, zao la nikotini baada ya kuvunjwa na ini, ambayo huchukua saa 16 hadi 20 kupungua kwa nusu na hivyo huonekana kwenye mate, damu na mkojo kwa siku kadhaa. NNAL, zao la kemikali ya tumbaku iitwayo NNK, huendelea kutoka kwenye mkojo kwa wiki kadhaa. Alama ya muda mrefu zaidi iko kwenye jeni iitwayo AHRR ndani ya chembe nyeupe za damu: uvutaji hupunguza vifungo vya methili, yaani alama ndogo za kemikali zinazobandikwa juu ya DNA, kwenye sehemu fulani ya jeni hiyo, na mtu anapoacha, vifungo hivyo hurejea taratibu kwa miaka. Vyote hivi ni vipimo vizuri vya kujua nani amevuta na kwa kiasi gani, hasa pale ambapo mhusika ana sababu ya kuficha, lakini havisemi lolote kuhusu hali ya utando wa kinywa chake.

Aina ya pili inasogea karibu zaidi na ugonjwa. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Kwa upande wa kinywa, inayotazamwa kwa makini kuliko nyingine ni NNN, nitrosamini inayotokana na tumbaku yenyewe. Panya walionyweshwa maji yenye NNN walipata uvimbe wa kinywa na wa umio, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka pamoja na NNK kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kemikali hizi haziharibu DNA zikiwa kama zilivyoingia. Vimeng'enya vya mwili, katika jitihada ya kuzifanya ziyeyuke na kutolewa nje, huzigeuza kuwa na umbo kali linalojibandika kwenye DNA, na mabaki yaliyojibandika hivyo yanaweza kupimwa kwenye seli za kinywa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliripoti mwaka 2017 kwamba wavutaji wenye saratani ya kichwa na shingo walikuwa na mabaki hayo mengi zaidi kuliko wavutaji wasio na saratani. Tofauti hiyo ndiyo kotinini haiwezi kuionyesha: wawili wanavuta, mmoja anaumia zaidi.

Njia ya zamani na nafuu zaidi ya aina hii ni kuhesabu viini vidogo. Seli inapogawanyika ikiwa na kromosomu iliyovunjika, kipande kilichoachwa nyuma hubaki peke yake kama doa dogo la mviringo kando ya kiini kikuu. Mhusika husukutua kwa maji, ndani ya shavu lake husuguliwa kwa brashi ndogo, seli hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, kisha msomaji huhesabu seli elfu moja au mbili akiandika ngapi zina doa hilo. Doa la kweli lina kipenyo cha kati ya theluthi moja na sehemu moja ya kumi na sita ya kiini kikuu, na lina rangi ileile ya kiini hicho. Hapa ndipo wengi hupotoka. Rangi ya Giemsa, ambayo karibu kila maabara inayo, hushika pia bakteria na chembechembe za keratini, ile protini ngumu kama ya kucha, na kwa kuwa utando wa mvutaji huwa na keratini nyingi, huonekana umeharibika kuliko ulivyo. Rangi ya Feulgen, ambayo hushika DNA peke yake, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Hata hivyo, utando wa kinywa hujibadilisha upya ndani ya wiki chache, maana yake hesabu hii inasimulia madhara ya siku za karibuni tu.

Aina ya tatu ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu. Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake wa Chicago walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 783 wa saratani ya kinywa, wakaonyesha kwamba utando unaozunguka uvimbe, hata ukionekana mzima kwa macho, si mzima chini ya hadubini. Moshi haupigi nukta moja. Unalichakaza eneo lote linalopitiwa, na ndiyo sababu aliyepona saratani moja ya kinywa huweza kupata nyingine pembeni yake. Mwaka 1996 Joseph Califano na wenzake wa Johns Hopkins walieleza namna hasara inavyojikusanya: kipande cha mkono mfupi wa kromosomu ya 9, chenye jeni ya CDKN2A, hupotea mapema, kisha cha mkono mfupi wa kromosomu ya 3, na cha kromosomu ya 17 penye jeni ya TP53; CDKN2A na TP53 zote ni jeni za kuzuia seli kugawanyika ovyo. Wenyewe walisisitiza kuwa wingi wa hasara una uzito kuliko mpangilio wake.

Kuhusu TP53, utafiti mmoja wa 1995 hunirudia akilini mara kwa mara. Kati ya wagonjwa 129 wa saratani ya kichwa na shingo, jeni hiyo ilikuwa na hitilafu kwa 58% ya waliovuta na kunywa pombe, 33% ya waliovuta bila kunywa, na 17% ya wasiovuta wala kunywa. Moshi una mwandiko wake, na mwandiko huo unakolezwa na pombe.

Sasa, je, hasara hizo zinaweza kututabiria? Miriam Rosin, Lewei Zhang na wenzao wa Vancouver walichukua vinyama vya mabaka ambayo hadubini iliyaona ya hatari ndogo, wakatenganisha yale yaliyokuja kuwa saratani na yale yaliyobaki hivyo. Katika ripoti yao ya 2000, baka lililopoteza vipande vya kromosomu ya 3 au ya 9 lilikuwa na hatari mara 3.8 ya yale yaliyovihifadhi, na likipoteza pia vipande vya kromosomu nyingine hatari ilifika mara 33. Mwaka 2012 walirudi na wagonjwa waliofuatiliwa tangu mwanzo kuelekea mbele, wakawagawa makundi matatu kwa kiasi cha hasara. Ndani ya miaka mitano saratani ilitokea kwa 3.1% ya kundi la chini, 16.3% ya kundi la kati na 63.1% ya kundi la juu. Kwa hadubini peke yake, watu hao wote wangepewa jibu linalofanana.

Kisha ukaja utafiti ulioitwa EPOC, uliochapishwa 2016, ambamo wagonjwa 150 wenye hasara hizo walipewa dawa ya erlotinibu au kidonge kisicho na dawa. Dawa haikuzuia saratani. Kiashiria, kwa upande wake, kilithibitika tena: waliokuwa na hasara za kromosomu waliugua zaidi ya wasiokuwa nazo, ambao walifuatiliwa tu bila kupewa dawa. Matokeo ya namna hiyo hayasambazwi, kwa kuwa hakuna wa kuyashangilia, lakini kwangu mimi ndiyo ushahidi mzito kuliko wote tulio nao katika eneo hili. Angalizo lake ni moja, nalo ni kubwa: kipimo hiki hufanywa kwenye kinyama kilichokatwa kutoka kwenye baka linaloonekana. Pasipo baka hakuna cha kukata.

Niliacha_Zamani

Asante sana kwa maelezo, mkuu. Nilivuta pakiti moja kwa siku kwa zaidi ya miaka ishirini kisha nikaacha. Sina kidonda wala baka ninalolijua. Kwa hali yangu, ni kipimo kipi kati ya hivyo nikafanye?

Msoma_Tishu

Ndugu yangu, kwa mtu asiye na baka wala kidonda, hakuna kiashiria hata kimoja cha mate, damu au seli za kukwangua ambacho ushahidi wake umefikia kiwango cha mimi kukwambia ukakifanye. Kinachokufaa ni kinywa chako kutazamwa na kushikwa na mtu aliyefundishwa kufanya hivyo, naye afanye kwa ukamilifu. Ulimi ushikwe kwa shashi na kuvutwa upande mmoja, kisha mwingine, mpaka ukingo wake wa nyuma uonekane, kwa kuwa hapo na kwenye sakafu ya kinywa chini ya ulimi ndipo saratani ya mvutaji hupenda kuanzia. Sakafu hiyo ibonyezwe kwa kidole kilicho ndani huku vidole vya mkono wa pili vikiwa chini ya kidevu. Meno ya bandia yavuliwe. Shingo ipapaswe kutafuta tezi. Ukitazamwa kwa kuambiwa tu ufungue kinywa useme "aaa", hujatazamwa.

Uchunguzi huo unaonekana wa kizamani, lakini ndio uliopimwa kwa vifo. Katika jimbo la Kerala nchini India, kuanzia 1996, wahudumu wa afya waliofundishwa walipita nyumba kwa nyumba wakitazama vinywa, na matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kwamba vifo vya saratani ya kinywa miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe vilipungua kwa takriban theluthi moja. Sijaona kipimo chochote cha mate chenye ushahidi wa namna hiyo.

Unachotafuta ni baka jeupe lisilofutika, baka jekundu, au kidonda kisichopona ndani ya wiki mbili. Mabaka meupe, yaitwayo leukoplakia, mengi hayafiki kwenye saratani. Jekundu ni habari nyingine kabisa: katika mkusanyiko wa vinyama 65 vya mabaka mekundu ulioripotiwa 1975, karibu nusu vilikwisha kuwa saratani iliyopenya, na sehemu kubwa ya vilivyobaki vilikuwa hatua moja nyuma yake. Baka jekundu halisubiri kiashiria. Linakatwa kinyama cha kuchunguzwa.

Na kuacha kwako kuna maana kubwa kuliko kipimo chochote nilichokitaja. Hatari huanza kushuka ndani ya miaka michache ya kwanza, na baada ya miaka ishirini hivi hukaribia ile ya mtu ambaye hakuwahi kuvuta.

Mwanafunzi_wa_Maabara

Naomba kuuliza kwa heshima, mkuu. Tulifundishwa kwamba vipimo vya mate vimefikia 91% katika kumtambua mgonjwa na 91% katika kumwacha aliye mzima. Takwimu hizo ni nzuri kuliko za vipimo vingi vinavyotumika hospitalini kila siku. Kwa nini basi unavikalia?

Msoma_Tishu

Swali zuri, na utafiti unaoutaja ni mzuri. Ni ule wa 2004 wa kikundi cha David Wong cha Los Angeles, uliopima RNA, yaani nakala ambazo seli hutoa kutoka kwenye jeni zake, za jeni saba ndani ya mate ya wagonjwa 32 na watu 32 wasio na saratani. Jambo la kusifiwa ni kwamba kundi la kulinganishia lilioanishwa na wagonjwa kwa umri, jinsia na historia ya uvutaji, kwa hiyo hawakuangukia kwenye mtego wa kupima moshi wakidhani wanapima saratani. Tafiti nyingi zilizofuata zililinganisha wagonjwa wanaovuta na wazima wasiovuta, na hapo hata kotinini ingeonekana ni kiashiria cha saratani.

Sasa tupige hesabu. Chukua watu 100,000 ambao 20 kati yao wana saratani ya kinywa wasiyoijua. Kipimo cha 91% kitawakamata 18 kati ya hao 20. Kati ya 99,980 walio wazima, 9% watapewa jibu chanya la uongo, nao ni watu 8,998. Aliyeambiwa ana dalili ya saratani atakuwa mmoja kati ya watu 9,016, ambao 18 tu ndio wagonjwa. Yaani katika kila watu mia tano walioingiwa na hofu, mmoja ndiye mwenye ugonjwa. Hao mia nne tisini na tisa utawakata wapi kinyama, ikiwa hawana baka?

Kipeleke kipimo hichohicho kwenye kliniki ambako watu 1,000 wamekuja na mabaka ya kutiliwa shaka na 100 kati yao wana saratani. Kitawakamata 91 na kuwatisha bure 81. Hapo zaidi ya nusu ya walioambiwa chanya ni wagonjwa kweli, na kipimo kimepata kazi ya kufanya. Lakini hao wote wana baka, na mwenye baka la shaka hukatwa kinyama kwa vyovyote vile. Ndiyo maana mwongozo wa 2017 wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani haukupendekeza vipimo vya mate kwa ajili ya kutathmini mabaka, ukasisitiza kinyama.

Kuna na matatizo ya ndani. Moja ya alama zilizorudia kufanya vizuri, hata katika uhakiki wa 2012 wenye watu 395 kutoka makundi matano, ni interlukini-8. Hii ni protini ambayo kinga ya mwili huitoa sehemu yoyote inapoumia au kuambukizwa, nayo hupanda pia fizi zikiugua, na wavutaji ndio wenye fizi zinazougua. Halafu RNA ya kwenye mate haina subira. Mhusika hatakiwi kula, kunywa, kuvuta wala kupiga mswaki kwa muda wa saa moja au zaidi kabla ya kutema, mate yakusanywe kwenye kijichupa kilichokaa juu ya barafu, yazungushwe kwenye mashine na kugandishwa au kutiwa kemikali ya kuyahifadhi. Wewe uko maabara, unajua ni sampuli ngapi hufika zikiwa zimefuata masharti hayo yote.

Mganga_wa_Meno

Nimefuatilia mjadala kwa makini, Msoma Tishu, na nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini nina pingamizi. Ukisema tusubiri baka, unatuambia tusubiri jambo ambalo kwa wagonjwa wengi huonekana likiwa limekwisha kukua. Mwaka 2020 peke yake dunia ilihesabu wagonjwa wapya zaidi ya 377,000 wa saratani ya midomo na kinywa, na vifo zaidi ya 177,000. Wengi wa ninaowapokea mimi huja wakiwa na uvimbe mkubwa, na wanapoulizwa, husema hapakuwa na baka. DNA ya uvimbe imekwisha kuonekana ndani ya mate; mwaka 2015 ilionekana kwa wagonjwa wote wa saratani ya kinywa waliopimwa katika utafiti mmoja. Upimaji wa kiasi cha DNA kwenye viini vya seli zilizosuguliwa kwa brashi nao una miaka mingi. Je, si wakati wa kuacha kung'ang'ania kisu?

Msoma_Tishu

Daktari, nashukuru kwa pingamizi hilo, na sehemu ya kwanza naikubali kabisa: baka si kila mara hutangulia, na likitangulia si kila mara huonwa.

Kuhusu utafiti wa 2015, uliofanyika Johns Hopkins kwa wagonjwa 93, namna ulivyofanywa ina uzito. Watafiti walianza na uvimbe wenyewe, wakatambua hitilafu ya jeni ya mgonjwa huyo, ndipo wakaenda kuitafuta hitilafu hiyohiyo ndani ya mate. Hiyo ni njia bora ya kufuatilia kama saratani imerudi baada ya upasuaji. Kwa mvutaji ambaye hajaugua, hujui unatafuta hitilafu ipi. Ukiamua kutafuta hitilafu yoyote ya TP53, unakutana na jambo lililotushangaza wengi 2018 na 2019: utando wa umio wa watu wasio na saratani umejaa makundi ya seli zenye hitilafu za jeni za NOTCH1 na TP53, yakiongezeka kwa umri, na zaidi kwa wavutaji na wanywaji wa kupindukia. Mengi ya makundi hayo hayatakuwa saratani kamwe. Kwa hiyo kipimo kinachonasa kila hitilafu, hata isiyo na madhara, kitaturudisha kwenye aina ya pili, yaani kutwambia kwamba moshi umeumiza, jambo ambalo mvutaji angeweza kulikisia mwenyewe.

Kuhusu kiasi cha DNA, wazo lenyewe ni sahihi: seli yenye idadi ya kromosomu iliyovurugika ni seli ya kuogopwa. Tatizo ni historia yake. Ushahidi uliotukuka kuliko wote, uliochapishwa 2001 na jarida kubwa la tiba la Marekani, ulitoka kwa Jon Sudbø wa Oslo. Mwaka 2006 ilibainika kwamba utafiti wake mwingine, uliochapishwa 2005 na The Lancet ukiwa na watu 908, ulikuwa wa kubuni. Watu 250 kati yao walipewa tarehe moja ya kuzaliwa. Kazi zake nyingine nazo zikakaguliwa, na ule wa 2001 ukaondolewa. Kuna wagonjwa ambao madaktari wao walikuwa wamekwisha kubadilisha uamuzi kwa kuutegemea. Tafiti za wengine zilizofuata zinaonyesha kuwa kipimo kina manufaa, ila si kwa ukubwa ule uliotangazwa mwanzo.

Lipo kundi moja ambalo brashi inalifaa hata mimi ninavyoona: wenye ugonjwa wa kurithi wa anemia ya Fanconi, ambao hupata saratani ya kinywa kwa mamia ya mara kuliko watu wengine, wakiwa bado vijana. Hao wana hatari kubwa kiasi kwamba ile hesabu yangu ya 100,000 haiwahusu, na kuwakata vinyama kila mara haiwezekani.

Mwanafunzi_wa_Maabara

Samahani kwa kurudi tena. Umesema CDKN2A hupotea kwa wavutaji, na jeni hiyo ndiyo inayotengeneza protini ya p16. Lakini kwenye ripoti za saratani za koo tunasoma "p16 chanya" kama alama ya saratani. Inapotea au inaongezeka?

Msoma_Tishu

Vyote viwili, kutegemea chanzo, na swali hili ndilo linalowakanganya hata waliobobea. Katika saratani inayoletwa na virusi vya HPV, virusi huizima protini nyingine inayoitwa Rb, na p16 hubaki ikipanda bila wa kuishusha. Hiyo hutokea zaidi kwenye mafindofindo na kwenye shina la ulimi. Katika saratani ya moshi, jeni yenyewe hukatika au kufungwa kwa methili, na p16 hutoweka. Kwa hiyo p16 iliyopanda haina kazi ya kumchunguza mvutaji kwenye ulimi wa mbele au sakafu ya kinywa.

Na usiazime matumaini ya upande ule. Kwa saratani ya koromeo, utafiti wa Ulaya wa 2013 ulikuta kingamwili dhidi ya protini ya E6 ya HPV 16 kwenye damu ya takriban 35% ya wagonjwa, iliyotolewa miaka kadhaa kabla hawajaugua, huku ikionekana kwa 0.6% tu ya wasiougua. Virusi ni mgeni, na mwili humwandikia kumbukumbu. Kwa saratani ya moshi hatuna kingamwili ya kutegemewa namna hiyo kwenye damu.

Msomaji_Kimya

Mimi sijawahi kuvuta, ila nimeishi miaka mingi na mvutaji, na pia nimepikia kuni maisha yangu yote. Je, vipimo hivi vinanihusu?

Msoma_Tishu

Dada au kaka, moshi wa mwenzako unakuhusu. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti tano, uliochapishwa 2021, ulikuta kwamba wanaovuta hewa yenye moshi wa sigara za wengine wana hatari ya saratani ya kinywa mara 1.5 hivi ya wasioivuta, na mara 2 hivi kwa waliokaa nayo zaidi ya miaka kumi hadi kumi na mitano. Kotinini na NNAL huonekana kwako pia, kwa viwango vidogo.

Moshi wa kuni una benzopirini, kemikali ya moshi inayosababisha saratani, na jamii yake, lakini hauna nikotini wala nitrosamini za tumbaku, kwa hiyo kotinini na NNAL havitauona kabisa hata ukijaa nyumba nzima. Kipimo chake ni hidroksipirini, zao la jamii hiyo ya kemikali, kwenye mkojo. IARC imeuweka moshi wa kuni wa ndani ya nyumba kwenye kundi la 2A, yaani vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu, na ushahidi uliopo umehusu zaidi mapafu kuliko kinywa. Kwako nashauri kilekile nilichomwambia aliyeacha zamani: kinywa kitazamwe kwa ukamilifu.

Mganga_wa_Meno

Nimekuelewa kuhusu Oslo na kuhusu hesabu. Basi niulize kwa upande mwingine: ni utafiti wa namna gani ungekufanya wewe, Msoma Tishu, ubadili msimamo na kunituma nikachukue mate ya kila mvutaji anayeketi kwenye kiti changu?

Msoma_Tishu

Daktari, kwanza mate yakusanywe kabla ya mtu yeyote kujua nani ataugua. Tafiti nyingi tulizo nazo zimechukua mate ya mtu ambaye tayari ana uvimbe unaotoa damu na usaha kinywani, na hapo hatujui kama tunasoma mwanzo wa saratani au vurugu za uvimbe uliokomaa. Ningetaka maelfu ya wavutaji na walioacha, mate yao yagandishwe, wafuatiliwe miaka mitano hadi kumi, kisha sampuli za waliougua zifunguliwe pamoja na za wenzao wa umri uleule na miaka ileile ya uvutaji ambao hawakuugua, na anayepima asijue ipi ni ya nani.

Pili, kizingiti cha chanya na hasi kiwekwe kabla ya kufungua sampuli. Kikitafutwa baada ya majibu kuonekana, karibu kila kiashiria hupata 91% yake.

Tatu, fizi za kila mshiriki zipimwe siku ileile ya kutoa mate, ili interlukini-8 na wenzake wasituhesabie ugonjwa wa fizi kuwa ni saratani.

La mwisho ndilo ambalo watafiti wengi hulikwepa. Kiashiria kishindanishwe na maswali matatu yasiyogharimu chochote, yaani umri wa mtu, miaka aliyovuta na kiasi cha pombe anachokunywa, pamoja na dakika tano za kukitazama kinywa jinsi nilivyoeleza hapo juu. Utafiti wa 1988 wa Marekani ulikuta kwamba wanaovuta pakiti mbili au zaidi kwa siku na kunywa zaidi ya vinywaji vinne vya pombe kwa siku wana hatari ya saratani ya kinywa na koromeo zaidi ya mara 35 ya wasiovuta wala kunywa, na hilo lilipatikana kwa kuuliza tu. Kiashiria cha mate kikiongeza kitu cha maana juu ya maswali hayo, nitakuandikia mimi mwenyewe ukachukue mate. Kwa sasa, ukikuta baka, nitumie kinyama, na uniandikie kwenye fomu kama mgonjwa anavuta, maana nusu ya fomu zinazonifikia zina nafasi hiyo ikiwa tupu.